Bendeji ya sponji kwa kidonda cha mguu wa kisukari: tathmini baada ya miezi minne ya kumfunga babangu

Babangu anaishi na kisukari mwaka wa 19 sasa, na kidonda chake kilianzia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, pale unyayo unapobeba uzito wa mwili. Kokoto iliingia ndani ya kiatu chake alipokuwa soko la Kongowea hapa Mombasa, akatembea nayo hadi akarudi nyumbani Majengo bila kuihisi, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za miguu. Damu tuliiona kwenye soksi alipovua viatu ili atie udhu. Kwa miezi minne iliyofuata nilimfunga kidonda hicho mwenyewe nikifuata maelekezo ya muuguzi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa akiwa na mgonjwa nyumbani na fedha za kuhesabu.

Tulianza na gozi ya kawaida, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Gozi ni rahisi na hupatikana kila duka la dawa, lakini aibu yake niliiona siku ya tatu: ilikuwa imekauka na kugandana na kidonda, na nilipoivuta iliondoka na vijinyama vipya vyekundu, vidogo kama punje za komamanga, ambavyo mwili ulikuwa umevijenga kwa taabu. Baba hakulalamika kwa kuwa hakuhisi kitu. Mimi ndiye niliyelia.

Muuguzi ndiye aliyetuhamishia kwenye bendeji ya sponji, yaani kipande laini cha poliyurethani ambacho upande wa juu kina utando usiopitisha maji na upande wa chini hunyonya majimaji ya kidonda bila kukikausha kabisa. Unyevu huo ndio hoja yenyewe. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe wachanga kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya jeraha lililoachwa likauke, ilhali wengi wetu tungali tunaambiwa kidonda kipigwe upepo. Ile tunayoinunua ina tabaka la silikoni upande wa kidonda, na tofauti yake na gozi ni ya mchana na usiku: nikiinua ukingo taratibu, inaachia ngozi bila kuvuta kitu, na doa la kahawia linaloonekana kupitia mgongoni hunijulisha ni lini imejaa. Tulikuwa tukiibadilisha kila baada ya siku mbili au tatu, na jambo hilo hubadilisha hesabu ya bei. Kipande kimoja kikilinganishwa na gozi ni ghali sana, lakini ukijumlisha gozi za kubadilisha mara mbili kwa siku, plasta, maji ya chumvi na glavu, pengo hupungua kuliko nilivyotarajia. Hata udhu ulikuwa mwepesi kwake, kwani alipangusa juu ya bendeji kama imamu alivyomwelekeza, nayo haikulowa ndani.

Kasoro yake kubwa kwetu ni joto la Mombasa. Wakati wa kaskazi, jasho lilikuwa likibandua kingo zenye gundi kabla ya siku ya pili kwisha, hivyo tukahamia sponji isiyo na gundi na kuishikilia kwa bendeji nyembamba ya kuzungushia, isiyobana. Jambo jingine la kuangalia ni pakiti: duka moja mjini liliwahi kuniuzia nusu ya kipande kilichokatwa kwa mkasi juu ya kaunta, ati kunipunguzia gharama. Bendeji hizi huuzwa zikiwa zimetakaswa ndani ya pakiti iliyofungwa, na pakiti ikishafunguliwa hovyo, utakaso huo umekwisha. Niliirudisha.

Kwa wiki mbili kidonda kilipotoa majimaji mengi tulitumia aljineti, nyuzi zinazotengenezwa kwa mwani wa kahawia (si huu mwekundu unaolimwa Kibuyuni, pwani ya Kenya), ambazo hugeuka ute zinapokutana na majimaji. Ilifanya kazi vizuri, ila kidonda kilipoanza kupunguza maji haikufaa tena. Bendeji za asali na za madini ya fedha nilishawishiwa sana kuzinunua. Mwongozo wa mwaka 2023 wa jopo la kimataifa la mguu wa kisukari unashauri zisitumiwe kwa lengo la kuponesha kidonda, na muuguzi wetu alisema vivyo hivyo.

Ni lazima niseme wazi kwamba sponji haikuponya peke yake. Daktari alikuwa akikwangua ngozi ngumu na nyama iliyokufa, alipima mzunguko wa damu mguuni, na alimpa baba kiatu kirefu cha mikanda cha kuondoa uzito kwenye kidonda. Baba alikuwa akikivua usiku ili aende msalani, akiniambia, “Mwanangu, ni hatua sita tu.” Wiki ile kidonda hakikupungua hata kidogo, licha ya bendeji bora niliyoweza kununua. Aidha, ukiona wekundu unaoenea, uvimbe, usaha au harufu mbaya, au mgonjwa akipata homa, usibadilishe aina ya bendeji. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kila Ijumaa nilikuwa nikiweka plastiki safi angavu juu ya kidonda na kuchora mpaka wake kwa kalamu, kwa sababu daktari alitaka kuona eneo limepungua kwa nusu kufikia wiki ya nne, na lisipopungua mpango mzima wa tiba uangaliwe upya. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, wa nne haukufikia nusu yake, na wiki ya 16 nilipoinua sponji ilikuwa kavu na nyeupe, haina doa, na chini yake palikuwa na ngozi nyembamba ya waridi ambayo baba aliiangalia kwa kioo kwa muda mrefu kabla ya kuniomba nimletee soksi.