Uzoefu wangu: seti ya kamera ya mbao ya inchi 4 kwa 5 kwa pwani ya Lindi na Mtwara

Seti hii nimeikusanya kwa kazi moja tu: kupiga magofu ya Kilwa Kisiwani na nyumba za mawe za Mikindani kwa filamu kubwa ya inchi 4 kwa 5, kwa kutembea. Bodi ni ya plaiwudi, inakunjwa, kilo 1.2. Wanaoiuza huisifu kwa wepesi, na wepesi huo ni wa kweli, ila sio unaoamua kama mgongo utauma. Begi zima kwenye mizani ni kilo 6 na nusu. Tripodi na kichwa chake ni kilo 2.6, holda 5 (vibebeo vya filamu) zinakaribia kilo moja, lenzi na kibao chake (kiubao inapofungwa) gramu 300, halafu kitambaa, kipimamwanga, lupu (kioo cha kukuzia), kebo ya kufyatulia na begi lenyewe. Anayetaka kupunguza mzigo apunguze holda. Tripodi aiache ilivyo, kwa sababu upepo wa kusi ukianza, mvukuto wa kamera, yaani ile mikunjo kati ya lenzi na filamu, hukamata upepo kama tanga, na picha ya nusu sekunde hutoka na ukungu hata kama fokasi ilikuwa sahihi kabisa.

Kwenye mchanga miguu ya tripodi huzama taratibu wakati unaendelea kufokasi. Mimi naweka kifuu kimoja cha nazi chini ya kila mguu, mdomo juu, nakikandamiza mpaka kitulie, kisha naning'iniza begi katikati ya tripodi, chini kabisa lakini lisiguse ardhi.

Lenzi ni moja: milimita 150, f/5.6 (tundu lake likifunguliwa lote), kwenye shata ya saizi ya Copal 0. Kibao ni cha aina ya Linhof Technika, milimita 96 kwa 99, na tundu la Copal 0 ni milimita 34.6. Seremala akitoboa kwa biti ya 35 hakuna tatizo, maana ringi ya nyuma inafunika pengo. Kingo za tundu zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Usinunue lenzi ya zamani kwa kuangalia bei tu. Nyingi zinaifunika filamu barabara, lakini duara lake la picha, yaani duara la mwanga linalotupwa kwenye filamu, halibakizi nafasi ya kupandisha lenzi. Mlalo wa filamu kutoka kona hadi kona ni karibu milimita 153. Ukisimama chini ya ukuta wa Husuni Kubwa, gofu la Kilwa Kisiwani, na duara la milimita 160, ukipandisha lenzi kidogo tu pembe za juu zinakuwa giza. Tafuta lenzi yenye duara la 200 au zaidi kwenye f/22. Hapo utaweza kuiacha kamera wima, upandishe lenzi peke yake, na kuta zibaki zimenyooka.

Kitambaa cha kujifunika sikununua. Nilishona kaniki ndani na marekani nyeupe nje, mita moja na nusu kila upande, na vijiwe vidogo kwenye pindo. Cheusi peke yake saa sita mchana huwa tanuri, na jasho likidondokea kioo cha kufokasi huoni kitu. Kioo chenyewe ndiyo sehemu dhaifu ya kamera hii: katikati kinaonekana vizuri, kwenye pembe ni giza. Fokasi kwa lupu lenzi ikiwa imefunguliwa f/5.6, halafu ndipo ufunge hadi f/22 au f/32.

Kabla ya kutumia filamu, kagua mvukuto. Usiku zima taa, subiri dakika 10 macho yazoee, ingiza tochi ndani ya kamera na uvute mvukuto hadi mwisho. Kitundu huonekana kama nyota, karibu kila mara kwenye kona za mikunjo. Kukiziba ni kazi ndogo, rangi nyeusi ya mpira inatosha. Na ukivuta mvukuto mrefu kupiga kitu cha karibu, ongeza mwanga: lenzi ya 150 ikisogezwa hadi milimita 212 kutoka filamu inadai mara mbili, na ikifika 300 inadai mara nne.

Filamu hizi si mkanda, ni karatasi moja moja, na kuzipakia ndiko kunakoharibu picha nyingi kwa joto letu. Mikono ikikaa kwenye begi la giza dakika 10 inalowa, na alama ya kidole kwenye emalsheni (upande wenye dawa inayoshika mwanga) haifutiki. Poda usijaribu, itakuwa vumbi. Mimi napakia alfajiri, holda mbili kisha napumzika. Ukiishika karatasi wima na vikato vya ukingoni mwake vikawa kona ya juu kulia, upande wa emalsheni unakutazama. Upande mweupe wa kifuniko cha holda maana yake bado haijapigwa, mweusi imeshapigwa. Funga lenzi kabla ya kuvuta kifuniko. Kila anayeanza husahau hapo.

Natumia FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, chini ya makuba, kipimamwanga kikisema sekunde 8, mimi natoa 14, kwa kuwa filamu hii huchoka mwanga unapokuwa hafifu. Kusafisha filamu ni kwa dawa ya ID-11, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji: dakika 11 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba Mtwara mara nyingi yana joto kupita hapo, kwa hiyo naweka chupa ya dawa ndani ya beseni la maji na barafu, barafu isiingie kwenye dawa. Nyuzi 24 zinavumilika, punguza muda hadi karibu dakika 8. Fiksa (dawa ya kuimarisha picha) na maji ya kusuuzia yawe na joto hilohilo.

Mashua ya kutoka Kilwa Masoko hurusha maji ya chumvi. Kamera ikikunjwa inaingia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, pamoja na holda, zikiwa zimezungushiwa kitambaa. Jioni futa chuma chote kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Shata usiitie mafuta hata tone. Wakati wa mvua plaiwudi huvimba na reli ya mbele hukaza. Isugue kwa mshumaa, usilazimishe skrubu, uzi wake kwenye mbao hukatika upesi na kuurudisha ni kazi ya gundi na siku nzima.