Ziara ya Robben Island: mabosi wapelekwe huku

Mkifika Cape Town msiishie kupanda Table Mountain na kupiga mapicha Waterfront. Boti za Robben Island, kile kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela, zinaondokea palepale, kwenda na kurudi inakula kama masaa matatu na nusu, tiketi nunua mapema mtandaoni na beba koti maana upepo wa kule si mchezo, bahari ikichafuka hazitoki kabisa.

Wanaokutembeza ndani ya gereza ni watu waliofungwa humohumo kwa kesi za siasa. Mzee wetu alitusimamisha kwenye ubao wa mgao wa chakula, kundi B machotara na Waasia, kundi C Waafrika, B nyama aunsi 6, C aunsi 5, jamu C hamna. Yaani kuna mtu alikaa ofisini akapiga hesabu ya kumpunja mwenzie aunsi moja! Na nguo vilevile, Waafrika walivalishwa kaptura kama vitoto. Mandela alilalamika, akaletewa suruali ndefu peke yake, akairudisha, kwamba wapewe wote au basi.

Selo yake unachungulia tu unapita, ni kachumba kadogo hatua chache umemaliza. Machimbo ya chokaa ndo yalinikalisha kimya. Zaidi ya miaka 10 wanaponda mawe meupe juani, miaka ya mwanzo bila hata miwani ya jua, mpaka macho ya Mandela yakaharibika, hata alivyokuwa rais wapiga picha waliambiwa wasimmulike na flashi. Na hukohuko wakawa wanafundishana, yeye akajifunza Kiafrikana, lugha ya waliomfunga, awaelewe.

(Wabongo wenzangu, ile safari ya 1962 iliyompitisha Mbeya na Dar kuonana na Mwalimu ndo ilimwongezea shtaka la kutoka nchini bila pasi.)

Sasa wengi wanatoka pale wanasema ukipata shida ndo unakuwa kiongozi mwenye utu. Mi sikubali hivyo hivyo. Mugabe naye alisota jela kama miaka 10, mwanae akafia Ghana 1966 akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Mandela mwanae Thembi akafa kwa ajali 1969, akanyimwa vilevile. Msiba uleule jamani! Mmoja 1995 anamwalika chakula mwendesha mashtaka wa kesi ya Rivonia, ileile iliyompa kifungo cha maisha, mwingine nenda Matabeleland, huko Zimbabwe jeshi lake lilikoua raia kwa maelfu, ukaulize miaka ya 80 ilikuwaje. Kwa hiyo jela peke yake haimfundishi mtu, mi naona ni ile suruali, kuumia huku bado unaangalia na wa pembeni yako kavaa nini.

Vitoto vidogo msivibebe, vitachoka. Nyota 5 kwangu. Linki nishamtumia meneja wetu, yule anayetupangia zamu za usiku bila hata kuuliza nani ana mgonjwa nyumbani, kaisoma ila hajajibu.