Waya mpya wa klachi, gia ngumu kuliko mwanzo

Waya huu wa klachi ya pikipiki nimeufunga hivi majuzi tu na tayari umenichosha. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, ya pili mpaka uipige teke, na ukisimama injini ikinguruma, nyutro huipati ng'o. Muuzaji hata kuutazama hakutaka: "Gia boksi yako imekufa, kapasue injini."

Gia boksi! Kabla ya kupasua chochote, zima injini, sukuma pikipiki mbele na nyuma huku ukibadili gia. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma ikiwashwa, basi klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na gia. Zikigoma hata imezimwa, hapo ndipo ushuku pedeli ya gia iliyopinda, shafti yake au huko ndani. Zangu ziliingia bila kelele.

Ubovu uko kwenye ganda la nje la waya. Mtu abane mkono wa klachi, wewe tazama chini waya unapofikia injini: ganda linajipinda, kifuniko chake cha mwisho kinabonyea. Mvuto unaishia humo, na kile kimkono cha kwenye injini kinasogea kidogo tu. Sahani za klachi zinabaki zimegusana, gia zinasaga.

Kurekebisha si kazi. Legeza nati ya kufungia, anza na kirekebishio cha upande wa injini, malizia na cha kwenye usukani, mpaka ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Pikipiki nyingi ndogo zinataka hivyo. Usiumalize mchezo wote, klachi itateleza na sahani zitaungua. Lakini kwa waya huu, ukienda safari fupi tu mchezo umeongezeka tena, na sasa kirekebishio hakina pa kuzungukia. Oili mpya ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki ambazo klachi inalowa oili, imepunguza kishindo kidogo. Mengine yako palepale.

Nisiuonee: waya wa ndani unateleza vizuri, na ningesema uwe wa akiba chini ya siti. Hapana, nafuta kauli. Nimeuchungulia tena, nyuzi mbili zimeshakatika karibu na kile kichwa cha risasi cha mwisho wa waya. Hata akiba haufai.

Ukinunua mwingine, libinye ganda kwa vidole pale karibu na kifuniko kabla hujatoa hela. Likibonyea, mrudishie mwenyewe.