Waliniambia Yamebaki Majina Tu

Nilishasamehe, kwa kweli. Halafu juzi nikapita na kifodi, hizi daladala zetu, mbele ya ule mgahawa walionikatizia filamu, nikaona wametundika tena lile bango la boga lenye meno, eti msimu wa filamu za kutisha, karibuni nyote. Hasira ikapanda upya kama maziwa jikoni. Kwa hiyo acha niseme.

Mimi ni mtu mzima, miaka thelathini na kitu, na mpaka mwaka jana sikuwa nimewahi kuangalia filamu ya kutisha hata moja. Kwetu ilikuwa marufuku. Mama aliamini ukiwasha kitu kama hicho sebuleni, umeyafungulia mapepo mlango na kuyawekea na kiti. Kaka zangu walikuwa wanatoroka kwenda vibanda umiza vya Ngarenaro, lakini hata wao sidhani kama waliogopa. Enzi za Lufufu, yule aliyetafsiri filamu kwa sauti yake, mtafsiri alikuwa anakwambia mapema nani mbaya na nani atapona. Ukishahakikishiwa hivyo unaogopa nini tena?

Basi mwenzangu wa kazini akanishawishi. Kuna mgahawa hapa Arusha, una bustani, sitautaja. Kiingilio elfu kumi, soda na bisi humohumo. Wamefunga kitambaa cheupe kati ya mijakaranda miwili, maua ya zambarau yanadondoka mpaka kwenye bisi, projekta juu ya kreti la soda. Pazuri, sikatai. Ila mezani kulikuwa na boga zima, boga la kuchemsha ukanywea chai, limetobolewa macho na kuwashiwa mshumaa ndani. Liliniuma. Ilikuwa usiku wa Halloween yenyewe, ile sikukuu ya kutishana, au mmoja kabla, sikumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba kanisani kwetu walikuwa kwenye mambo ya kumbukumbu ya Matengenezo, maana Luther naye na hoja zake 95 alichagua tarehe hiyohiyo 31 Oktoba, mwaka 1517. Mama akapiga simu. "Uko wapi mwanangu?" Nikasema niko mazoezi ya kwaya. Mungu anisamehe.

Wakaweka filamu inayoitwa Halloween, ile ya kwanza, ya 1978. Mtoto wa miaka sita anamuua dada yake mwaka 1963, anafungiwa, miaka 15 baadaye anatoroka na kurudi mtaani kwao. Basi. Nilitegemea damu nyingi, hakuna. Kuku wa Krismasi anatoa zaidi. Kinachotisha ni kusimama. Yule mtu anasimama tu! Yuko pembeni ya ua wa miti, ukipepesa hayupo. Yuko uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, anaangalia dirishani, ukipepesa hayupo. Na kile kinyago cheupe kisicho na hasira wala huruma. (Baadaye niliambiwa ni sura ya mpira ya William Shatner, yule nahodha wa Star Trek, waliinunua dukani wakaipaka rangi nyeupe. Mchana nacheka. Usiku habari hiyo haisaidii kitu.) Na ule muziki wa kinanda, unakwenda kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayekufuata bila haraka. Kautunga mwongozaji mwenyewe, John Carpenter. Angebaki na kuongoza tu ingetosha.

Sasa habari ya shuka. Kwa sababu ya baridi walikuwa wanagawa mashuka ya Kimasai, jambo zuri sana, na nusu ya filamu niliiangalia kupitia nyuzi za shuka langu jekundu. Tukafika mwisho. Daktari aliyekuwa akimtibu anamfyatulia risasi, moja baada ya nyingine, jamaa anarudi nyuma, anaanguka kutoka juu mpaka chini kwenye majani. Amelala. Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu 1963.

Pwaa! Taa za bustani zote zikawaka. Chalii wa kaunta kazima projekta, kaanza kubeba viti vya plastiki, kra, kra, anavipachika kimoja juu ya kingine huku watu tumekaa. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, si tungeacha iishe kwanza?" Hata hakuniangalia. "Imeisha hiyo, sista. Kashakufa. Yamebaki majina tu." Kisha akanivua shuka mabegani. Hakuomba. Alilivuta kama mtu anayemfunua kuku tengani ajue kama ametaga. Nikabaki na kiblauzi changu na ganda la bisi kwenye jino. Mwenzangu akamuuliza kama ndivyo wanavyokaribisha wageni, akajibu kwamba wengine wana vifodi vya kuwahi. Saa nne na nusu hiyo! Sisi tulikuwa na nini, helikopta?

Nilikasirika, lakini kwa sababu ya shuka. Filamu sikuwa na neno nayo. Kashakufa. Nikapanda boda mpaka Sanawari, nikashukia barabarani, kile kichochoro cha michongoma nikakipita kwa miguu peke yangu huku napiga mluzi. Nafika nyumbani luku imekata. Nikaingia gizani, nikalala fofofo.

Wiki moja baadaye, pengine mbili, kijana mmoja wa ofisini kasikia nimeiona, anauliza, "Ulijisikiaje pale alipotoweka?" Alipotoweka nani? "Si yule. Daktari anakwenda kuchungulia chini, majani matupu." Nikamwambia wewe umeona nyingine, yangu kafa. Akanicheka, akanirushia kwenye flashi.

Nikaiangalia saa saba mchana, jua kali, mlango wazi, jirani anatwanga. Ni kweli. Hayupo. Na daktari wala hashangai, hilo ndilo baya zaidi. Halafu wanakuonyesha sehemu zile zile alizopita, ngazi, sebule, nyumba moja baada ya nyingine, tupu, na unasikia mtu anapumua. Ndipo yanakuja majina. Yale majina! Dakika hiyo moja ndiyo filamu yenyewe, na chalii aliikata ili awahi kifodi.

Tangu siku hiyo nguo naanua saa kumi na moja jioni, zikauke zisikauke. Kichochoro nakizunguka, boda wananitoza mia tano zaidi. Hesabuni wenyewe kwa mwaka.

Nikiwa nimetulia huwa najiuliza, hivi ningeiona palepale ningefikaje nyumbani? Gizani, michongoma kulia na kushoto, luku hakuna? Ningelala kwenye ule mgahawa nimekumbatia boga. Kwa hiyo labda yule chalii, kwa ujeuri wake, alinistiri. Labda nilipaswa hata kumpa kitu kidogo.

Hapana. Hapana kabisa. Elfu kumi nilitoa ya filamu nzima, na kuogopa ndicho nilichokwenda kununua. Hakuwa na haki ya kunipunguzia. Na mtu akikwambia kitu kimeisha wakati hakijaisha, huyo ni mwongo hata kama ulilala vizuri.

Mgahawa nilikuwa nimeupa nyota moja. Nimepandisha mbili kwa ajili ya mijakaranda, kisha ya tatu, maana filamu sina ugomvi nayo. Sasa nimekumbuka alivyolivuta lile shuka, nimerudisha mbili.

Ijumaa naenda tena. Mwenzangu kaniwekea nafasi. Nimemwambia anitafutie kiti karibu na swichi ya taa, na shuka nakuja na langu.