Kichwa cha treni kilichonifikia kikichechemea

Nilijinyima kwa miezi kadhaa ili ninunue kichwa kimoja cha treni ya modeli, mtumba, cha kipimo cha 1:87 (yaani treni halisi ni kubwa mara 87 kuliko chenyewe), kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kwamba amekijaribu na kinatembea vizuri. Sisi tunaokusanya treni hizi kwa kipato cha kawaida kimbilio letu ni mitumba, kwa sababu kichwa kipya humeza fedha ambazo zingetosha mabehewa kadhaa pamoja na reli zake. Kwa hiyo neno la muuzaji ndilo dhamana yetu, na anayelichezea anatuumiza kuliko anavyodhani.

Kilifika kimefungwa vizuri, hilo nalikiri. Rangi ilikuwa haijachubuka, na vishikio vya mlangoni, vyembamba kama sindano, vilikuwepo vyote. Nilikiweka relini, nikaongeza umeme polepole, nacho kikaanza kwenda kikichechemea: kinateleza kidogo, kinashtuka, kinateleza tena, na kila mshtuko ulikuja na mlio wa “tak” uliojirudia kila gurudumu lilipomaliza mzunguko mmoja. Aliyekaa na treni hizi kwa muda anaujua mlio huo. Nilifungua kifuniko cha chini, nikazungusha ekseli moja baada ya nyingine chini ya taa, na kwenye ya tatu nikauona ufa mwembamba kama unywele katikati ya meno mawili ya gia. Gia hizo ni za plastiki, na vipande vya ekseli ya chuma huchomekwa ndani yake kwa kubanwa sana. Miaka inapopita plastiki husinyaa ilhali chuma hakisinyai, mwishowe gia hupasuka, na penye ufa meno huachana yasiweze kuumana sawasawa na ya gia ya jirani. Mtu aliyekiendesha kichwa hiki japo mara moja asingekosa kuusikia mlio ule.

Nilimwandikia kwa adabu, nikaambatanisha picha, nikamwomba anirudishie angalau fedha za kununulia gia. Alinijibu kwa mstari mmoja: anayetaka kitu kizima anunue kipya, na kama sina uwezo huo nitafute mchezo mwingine. Nimeusoma mstari huo mara nyingi mno. Kunyimwa fedha ningevumilia, lakini kuoneshwa kwamba kosa ni ufinyu wa mfuko wangu, na si uongo wake, kumenichoma. Mwenye mfuko mdogo huchunguza kila skrubu kabla ya kununua, maana hana fedha za kukosea mara ya pili.

Nilikuwa nimekusudia kuonya watu wasinunue kabisa kichwa cha aina hii. Hilo sasa nalifuta. Niliagiza gia, nikaitoa iliyopasuka, nikachomeka mpya taratibu huku nikipima nafasi kati ya magurudumu mawili, kwa kuwa ikipungua au kuzidi kidogo tu kichwa huacha njia pale reli zinapogawanyika. Nikakwangua grisi ya zamani iliyoganda kama nta, nikapaka mpya kiasi kidogo. Usiku huo kilivuta mabehewa sita kwa mwendo wa pole sana, bila kusikika ila mvumo wa mota, na sikuweza kukiacha nikalale. Katika vyote nilivyo navyo hakuna kinachotembea vizuri kuliko hiki.

Kwa sababu hiyo nilianza kulegea kuhusu muuzaji pia. Bei yake, hata ukijumlisha gia, ilikuwa ya haki, na bila yeye nisingekuwa na kichwa hiki. Nilikaribia kumsamehe. Kisha siku chache zilizopita nikakuta ametangaza kingine cha aina ileile, kwa maneno yaleyale: kimejaribiwa, kinatembea vizuri. Hapana. Mimi sinunui kwake tena, na atakayenunua aombe kwanza video ya kichwa kikienda polepole kabisa, kwa sababu mwendo wa kasi huficha ufa.