Singe ya babu, msasa wangu, na mzee wa Usita wa Mui

Nianze na kosa langu mwenyewe. Singe ya babu mzaa baba, kile kisu kirefu cha kuvika kwenye mtutu wa bunduki, niliikuta chini ya sanduku la nguo, nyeusi, ina kutu, haina ala. Nikaipiga msasa asubuhi nzima barazani mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusi. Nilijisifu sana siku ile.

Nyumbani kwetu Malindi hadithi ilikuwa moja: babu aliipata vita vya Witu, ile Oktoba ya 1890 Waingereza walipoteremsha askari wa manowari kumwandama Fumo Bakari, sultani wa Witu. Hakuna aliyepiga hesabu ya umri wa babu. Dalali mmoja wa vitu vya kale hapa mjini aliitazama akiwa amesimama, akasema ni ya Mreno, akanipa bei ya shilingi 1,500. Mreno! Nikairudisha kwenye kanga.

Ndipo jamaa akanielekeza kwa mzee mmoja wa Lamu. Nilipanda basi la alfajiri na barua ya chifu mfukoni, na nashukuru niliichukua, maana kila kizuizi kuanzia Minjila hadi mji mdogo wa Hindi askari walitaka kujua kisu kirefu vile kinakwenda kufanya nini. Tukapita Witu yenyewe. Nikaipapasa ile kanga kama mtu anayemwonyesha mtoto kwao.

Duka liko kichochoro cha pili ukitoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, upande wa Langoni. Ni dogo, watu watatu mmejaa. Kuna mabuli ya shaba, sahani za Kichina zilizounganishwa kwa pini, na kopo la pesa za mizani, zile sarafu za Mombasa za 1888 zenye picha ya mizani. Bunduki hutaiona hata moja. Mwenye bunduki ya kale mzee humwambia alete picha tu. Chuma chenyewe hataki kivuke kizingiti bila karatasi za serikali. Kazi yake ni kusoma alama na kukadiria bei, na malipo ni shilingi 500 kwa kitu kimoja, kiwe kikubwa au kidogo.

"Ndoo uketi," akanambia, yaani njoo. Akaifunua kanga, akanyamaza. "Mwanangu, nani aliyepiga msasa?"

"Ni mimi, ami."

"Basi umekwangua jina la mwenyewe."

Nina miaka 57, lakini pale nilikuwa mtoto wa chuoni aliyemwaga wino juu ya msahafu.

Akachukua kioo cha kukuzia, akanisomesha. Karibu na mpini kuna taji na herufi G.R., chini yake 1907. Watu wengi hukimbilia hiyo 1907 wakidhani ndio mwaka wa kutengenezwa, kumbe ni jina la mtindo. Mwaka wenyewe ni zile tarakimu ndogo za chini: 9, kisha 17, yaani Septemba 1917. Halafu jina Wilkinson, kiwanda. Upande wa pili kuna mshale wa mali ya serikali ya Uingereza, unaofanana na unyayo wa kuku, na herufi X ya kuonyesha kwamba chuma kilipindwa kupimwa na hakikuvunjika. G.R. ni mfalme George wa Tano, aliyeshika enzi 1910. Sasa mfalme wa 1910 ataingiaje vita vya 1890?

Tena, akasema, singe ya kawaida ya bunduki za Martini-Henry za askari wa miguu wa zama zile ilikuwa ya pembe tatu kama msumari mrefu, inavikwa kwenye mtutu kwa kikombe chake. Hii yangu ni upanga wa inchi 17, ya bunduki ya Lee-Enfield.

Kwenye kichwa cha mpini, pale nilipokandamiza msasa kwa bidii zaidi, yamebaki K.A.R. na mabaki ya tarakimu. Ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki: babu alikuwa askari wa Keya, vita vya kwanza vya dunia, dhidi ya Mjerumani. Mzee akasimulia jinsi mbung'o walivyoua farasi, nyumbu na punda kwa maelfu katika vita vile, njia nzima inanuka. Hapo nikashtuka. Bibi alikuwa akisema babu hakukubali kuja Lamu maisha yake yote kwa sababu ya punda waliojaa mjini. Sisi tulicheka tu.

Bei: 6,000. Ingekuwa na ala yake ya ngozi ya zamani na namba ya kikosi inasomeka, 15,000. Ingekuwa ya zile za kwanza zenye ndoano kwenye kikingio cha mkono, ambazo ziliachwa kutengenezwa 1913, tungezungumza lugha nyingine. Nilimuuliza kama atainunua, akakataa. Akaniambia niipake mafuta ya cherehani na nisiiguse tena.

Nikiwa pale alifika Mwitaliano mmoja na picha za Martini-Henry aliyoinunua ndugu yake mipakani mwa Afghanistan. Mzee hakumaliza dakika. Herufi N katika neno Enfield, jina la kiwanda cha Uingereza, ilikuwa imegeuzwa kinyume, na V.R. ya malkia Victoria ilikaa juu ya mwaka 1906. Malkia alikufa Januari 1901. Kazi ya mafundi wa Khyber, waigaji bunduki wa huko huko mipakani, akasema, nzuri kwa ukuta, si kwa bei ya Enfield. Akaongeza kwamba hata zile za kweli zilishuka thamani, kwani 2003 ghala la kale la Nepal liliuzwa Marekani, bunduki kwa maelfu zikamwagika sokoni. Mwitaliano akalipa 500 zake kwa uso mkavu.

Kasoro zipo. Hufungua baada ya Alasiri tu, Ijumaa hafungui kabisa, hana risiti, na karatasi ya makadirio aliyoniandikia inahitaji mfamasia kuisoma. Na akianza habari za pesa za mizani, boti ya mwisho ya Mokowe itakuacha, mimi iliniacha. Nampa nyota nne kati ya tano.

Ile tarakimu iliyobaki bado inatusumbua. Usiku nikiiweka taa kwa upande naona mkia wa 3. Mke wangu anasema ni 5.