Ofisi ya ushauri wa vyuo, Ngamiani, Tanga: nyota tatu, na mbili kati yake ni za mapokezi

Iko ghorofani, juu ya duka la vyombo. Ngazi nyembamba, anayeshuka lazima umpishe. Ushauri elfu ishirini, kujaziwa maombi mtandaoni elfu kumi kila chuo. Risiti hupewi mpaka uidai.

Nilimpeleka binti yangu Jumanne, nimetoka kwenye zamu ya usiku, macho yanawasha, kwa hiyo mkiona ukali humu mnisamehe. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa kumi na saba, zaidi nimekaa wodi ya wazazi. Binti kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), kafaulu vizuri. Ukoo mzima unamwita "dokta" tangu yuko darasa la pili. Mwenyewe anapenda samaki, tena si wa kupaka. Atakusimulia habari za samaki aitwaye silikanti mpaka chai ipoe: kwamba wataalamu walidhani kaisha duniani zama za kale, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwamba hapa kwetu Tanga wavuvi wanamkuta nyavuni, hata ikatengwa hifadhi yake ya bahari.

Mshauri ni kijana nadhifu, tai shingoni. Akatazama matokeo, mtoto hakumtazama. "Mama, kwa alama hizi huyu ni udaktari tu. Kwingine atakuwa anajipunja."

Nikamuuliza, miaka mingapi? Mitano, akasema, akafunga faili. Ikabidi nimalizie mimi. Baada ya hiyo mitano kuna mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini, ndipo usajili kamili wa Baraza la Madaktari. Halafu ajira, na ajira siku hizi inasubiriwa. Nimefanya kazi na madaktari wenye vyeti vyao wanaojitolea kwa nauli ya bajaji. Akitaka ubingwa, mitatu mingine au zaidi. Na kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hayo yote kwa elfu ishirini hayakutajwa. Kijana akacheka: "Mama, unamtisha mtoto."

Simtishi. Mwezi uliopita tulikuwa na daktari mdogo, saa tisa usiku, anatoka kwenye upasuaji wa tatu, anatafuna biskuti kasimama. Mtoto wa mama yule alichelewa kulia. Alipolia, yule daktari alikaa sakafuni akacheka peke yake kama mwehu. Huyo hata umpe duka la jumla Barabara ya Nane hatoki. Mwenzake, aliyemzidi darasani, aliaga mwaka jana, yuko kwenye mambo ya bima, kanenepa na analala usiku. Simlaumu hata kidogo.

Basi binti akanigeukia mbele ya mshauri: "Mama, wewe ungeanza upya ungesomea hii?" Nilikaa kimya muda. Nikamwambia wodi ningeirudia, usiku wake nisingeurudia.

Sasa mapokezi. Tukingoja mashine ya kuchapa ipate wino, yule binti wa mezani akamuuliza wangu, "Damu unaogopa?" Haogopi. "Na watu? Watu wenye maumivu, kutwa, kila siku, wengine wanakutukana?" Mwanangu akainama anachezea zipu ya mkoba. Hilo swali halikulipiwa. Yeye huyohuyo ndiye aliyetuambia kuwa PCB inakubalika kwenye shahada za viumbe vya majini na ufugaji wa samaki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine, na kwamba Mbegani kule Bagamoyo kuna chuo cha uvuvi. Mshauri samaki hakuwagusa.

Kwenye kujaza fomu siwadai kitu. Haraka, namba za mitihani zimehakikiwa mara mbili, na waligundua cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo cheti cha kidato cha nne hakina. Walituelekeza twende kwa wakili tukaape. Hiyo peke yake ilistahili elfu kumi.

Tuliomba vyuo viwili, kimoja udaktari, kingine samaki. Kwenye bajaji, tunakaribia Tangamano, binti akauliza: akichaguliwa kote kuwili, nani anathibitisha? Nikamwambia inatumwa namba ya siri kwenye simu, unaiingiza kwenye chuo unachokitaka.

"Simu ya nani?"

Kijana wa tai alikuwa ameandika yangu. Tulirudi, tukapanda zile ngazi tena. Mapokezi wakafuta namba yangu wakaandika ya kwake, bure, dakika tano.